Chungu

Hewa niliichukua kwa Mama Ikiring,
nyuma ya soko la Soroti,
chungu kimefunikwa gunia,
ulezi ndani yake ukichemka bila moto.
"Unanunua povu?"
Nikasema nanunua pumzi ya ajono,
ile inayopanda na kupotea
kabla mteja hajaketi.
Akacheka mpaka akashika kiuno.
"Pumzi ni bure. Lete mpira wako.
Ila siku moja uje kuniambia
jina la hicho unachopika."

Sikuwa na jina. Nilikuwa na mrija.
Mrija aliuelewa: wateja wake
hukizunguka chungu kimoja, kila mtu na wake mrefu,
na ukiziba huutoa, huapiza, huukung'uta.

Wangu una mita kumi na mbili,
tundu lake la kupita sindano ya gunia,
nimeuzungusha kwenye taa ya buluu
mara mia na tatu.
Emuron alihesabu mia na nne.
Hatulizungumzii tena.

Kwa nini mwembamba hivyo?
Mwanga ni mgeni mwenye haya.
Kwenye sufuria pana huishia kizingitini,
husalimia maji ya juu,
ya chini yakasikia tu kwamba alikuja.
Ndani ya mrija hakuna uani.
Kila tone hupita sebuleni,
kila tone huonwa uso.

Kiputo, tone. Kiputo, tone.
Pampu inasukuma
kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipa deni.
Na hewa iliyokwisha kutumika,
iliyotemwa na chachu,
ambayo hata njiti ya kiberiti
ikiingia humo inakufa,
inamulikwa, inatwishwa elektroni,
inashikwa mkono na haidrojeni,
inatoka upande wa pili
ina ukali.

Juzi saa tatu usiku umeme ukakatika.
Buluu ikazima, pampu ikanyamaza,
viputo vikasimama foleni gizani
kama watu waliofika benki ikifungwa.
Nilikaa na tochi ya simu
nikivitazama visivyokwenda.
Emuron alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi,
akitengeneza hewa zaidi.

Asubuhi tukautoa mrija nje,
tukaulaza juu ya bati,
pampu tukaifunga kwa betri ya bodaboda ya jirani
(alitaka elfu tano, akachukua tatu).
Jua la Teso halikuuliza bei.
Kiputo, tone.

Siku nne, vijiko viwili.
Niandike hivyo hivyo daftarini: viwili.
Hakuna anga lililosafishwa na vijiko viwili,
malori ya Mbale bado yanapita yakitoa masizi,
na hata mzinga mmoja wa Emuron kule Serere,
ambako utitiri unawanyonya nyuki,
hautoshelezwi na hiki tulicho nacho.
Lakini nilipofungua kizibo
pua yangu ikarudi utotoni,
juu ya mchungwa wa baba,
majimoto wekundu wameniingia shati,
mama akiniambia chini: shuka, usiwapangushe, shuka!
Asidi ni ile ile.
Wao huipika tumboni, hawana taa wala daftari.

Jioni nikaenda kulipa.
Nilimwonyesha chupa, nikamzuia asinuse kwa karibu.
Alinusa kwa karibu.
Akakohoa, akafuta machozi kwa kanga,
akauliza tena, kwa Kiswahili chake
cha kuwauzia askari kambini: "Hii ndiyo nini?"

Nikasema: chungu.
Chungu, yule mdudu wa kwenye mchungwa.
Na ladha yake, usionje, ni chungu.

Aliitazama chupa, akaitazama pembe ya kibanda
ambako ulezi ulikuwa bado unapumua.
"Mwalimu," akasema,
"umezunguka mita kumi na mbili
kuniletea chungu.
Chungu si nilikuwa nacho?"

Kisha akafunua gunia,
akanisogezea mdomo wa mpira.
"Haya, chota. Kesho napika kingine."